Kimya cha Tuta la Colin

Mei 4, Marree

Tumefika na karavani yetu salama, isipokuwa kabati la vikombe lilifunguka njiani, vikombe viwili vikavunjika. Merv kasema ni sadaka ya safari. Nikamwambia sadaka hutolewa na mwenye mali, na vikombe vilikuwa vyangu. Hakujibu. Siku hizi hajibu.

Yeye huandika ndege, mimi huandika mengine yote. Ndivyo tulivyogawana kazi tangu tuoane.

Mei 6, njiani

Mwaka huu ukielekea kaskazini huitambui nchi. Pale palipokuwa na mawe mekundu matupu, sasa majani yamefika mpaka ukingoni mwa barabara, na maua ya njano yametanda hadi macho yanapochoka. Madereva tunaopishana nao wanainua kidole kwenye usukani kama desturi, lakini mwaka huu wanatabasamu pia. Mvua kama hii haijanyesha tangu mwaka wa sabini na nne. Merv anaendesha dirisha wazi, nusu ya kichwa kiko nje, na nzi wote wanaingia upande wangu.

Saa sita mchana walipita ndege mwari juu yetu, kundi refu, wakifuata maji yanayoteremka kutoka Queensland. Ni nani anayewapelekea mwari wa pwani habari kwamba jangwani kumejaa maji, hata Merv hajui. Nilimuuliza hilo mara mbili. Mara ya pili akasema, "Ndiyo, tutasimama hapo mbele."

Mei 7, Kallawirra

Shirl Brandis alitupokea getini kwa mabuti ya mpira, matope hadi magotini. Tangu mumewe afariki anaendesha ranchi hii peke yake, na ukimhurumia atakupa beleshi ukamsaidie. "Merv! Bado hujafa?" ndiyo salamu aliyompa. Merv akacheka sana. Shirl ana sauti ya kuita ng'ombe, na mume wangu humsikiliza yeye kuliko anavyonisikiliza mimi.

Tumeegesha karavani mahali petu pa siku zote, chini ya Tuta la Colin.

Niandike hapa kwa nini tumekuja, ili baadaye nisijidanganye. Mwaka ule wa sabini na nne, Merv na kaka yake Colin walimkuta juu ya tuta hili ndege ambaye watu walikuwa wameshamkatia tamaa. Ni mdogo, rangi ya mchanga, mkia umesimama. Jina lake la kitabuni ni refu, lakini wao walimwita Panya, kwa sababu haruki hewani mpaka alazimike. Hukimbia chini kwa chini, kutoka shungi moja la manyasi hadi jingine. Mume wa Shirl akalizungushia tuta uzio, ng'ombe wasije wakakanyaga manyasi yale. Colin alipofariki, tuta likapewa jina lake.

Kila baada ya mvua nzuri tumekuwa tukirudi. Safari tatu zilizopita Merv alipanda juu, akasikiliza, akateremka na uso wa msibani. Aliwaambia watu wa chama cha ndege kwamba Panya wa Kallawirra wamekwisha. Sasa amesema hivi: mwaka huu majani ni tele, na kama hawapo mwaka huu basi hawapo tena. Tutauza karavani, tukakae karibu na binti yetu Janine mjini Adelaide, kwenye kijumba ambacho ua wake hautoshi kugeuza toroli. Anayasema haya kwa utulivu, nami utulivu huo unanitisha.

Mei 8

Nzi. Vyura. Nimesoma kurasa mia za kitabu cha mauaji. Muuaji namshuku mpishi.

Mei 9

Mvua imerudi, na barabara imefungwa pande zote mbili. Ukipita barabara iliyofungwa unaacha mifereji ya magurudumu ambayo itakaa hapo mpaka kiangazi kijacho, na jina lako litatajwa katika kila baa kuanzia hapa hadi Birdsville. Kwa hiyo tumetulia.

Alfajiri nilisikia mluzi mwembamba, swii-swii-siriri, kama birika inayotaka kuchemka ikaghairi. Nadhani mtungi wa gesi unavuja. Nilimwamsha Merv. Alikaa kitandani, akainamisha kichwa, akasema hasikii kitu. Hata hivyo alitoka na povu la sabuni, akapaka mpira wote na koki. Hakuna hata kiputo kimoja kilichotoka.

"Umeota, bibie."

"Sijaota. Huo hapo tena."

"Sasa nifanye nini, niuimbie?"

Mei 11

Mluzi tena. Merv amekaza koki kwa spana mpaka sasa siwezi kuifungua mwenyewe. Chai imechelewa kwa sababu hiyo.

Mei 12

Tumepata jirani. Msichana mmoja, au niseme mwanamke, maana kwangu mimi kila mwenye chini ya miaka arobaini ni msichana. Anaitwa Tess Hollingworth, ni muuguzi, na anasafiri peke yake na pikapu kuukuu, analala nyuma chini ya turubai. Amekwama kama sisi. Saa kumi na moja jioni alikuja na kiti chake na kinywaji chake bila kuambiwa, kwa hiyo amelelewa vizuri. Huku, asiyetoa kiti nje saa hiyo ama anaumwa ama ana maringo.

Amekuja kwa ajili ya Panya. Alipojua Merv ni nani alijawa na heshima, nusura amwage bia.

"Wewe ndiye Merv Tregilgas? Wanasema una masikio kuliko mtu yeyote jangwani. Mimi bado najifunza. Nimetoka Broken Hill."

"Bata? Wapo, wapo wengi," Merv akajibu. "Hasa kule mtoni."

Tess akanitazama. Nikaona haya. Mtu anakupa jina lake na kwao, wewe unamjibu habari za bata. Janine alimsihi mwaka jana akapimwe masikio, akasema masikio yake ndiyo yaliyomlisha. Sikio la kufa halisikii dawa.

Mei 13

Mvua. Tumecheza karata. Tess anaiba karata kama nesi wa zamu ya usiku.

Mei 14

Leo nimekumbuka hema. Mwaka wa sabini na nne hatukuwa na karavani, tulikuwa na hema la turubai lililonuka mafuta ya taa, na ndoa ya miezi michache. Alfajiri Merv alikuwa akilala chali kando yangu na kunitajia wote waliokuwa wakiimba nje kabla hakujapambazuka: huyu fulani, huyu fulani, yule wa mbali ni jike lake anaitikia. Sikuwa najali ndege. Nilijali sauti yake gizani, na namna alivyokuwa akinigusa bega kila akitaja jina, ili nisilale. Nililala hivyo hivyo. Colin alikuwa nje akipika mkate kwenye majivu na kutupigia kelele kwamba maharusi hawali.

Sijui aliacha lini. Hakuna siku aliyosema naacha. Asubuhi moja alikuwa kimya, na nyingine, na mimi nikajiambia ndivyo ndoa zinavyozeeka. Nimeyakumbuka hayo huku namenya viazi, nikalia kidogo, nikasingizia kitunguu ambacho hakikuwepo.

Mei 16

Jua. Matope yanakauka. Kesho Merv na Tess wanapanda tuta. Mluzi ulikuwa mkali sana leo, lakini nimenyamaza, nisije nikakaziwa koki tena.

Mei 17

Ni usiku, nimekaa kwenye ngazi ya karavani, Merv amelala, nami sina budi kuandika kabla hajaamka.

Nilikwenda nao. Kwa kawaida sipandi, lakini kitabu kimekwisha (hakuwa mpishi). Tulivuka maji ya vifundoni, tukapita geti la uzio, tukapanda mchanga mwekundu ambao mvua ilikuwa imeugandisha. Juu kule manyasi yalikuwa mabichi, marefu, mazito. Sijawahi kuyaona hivyo tangu tukiwa vijana. Merv alipumua kwa nguvu, si kwa kuchoka. Akatuonyesha kwa mkono tusimame.

Akafanya kama anavyofanya siku zote. Akavua kofia, akafumba macho, akainamisha kichwa upande wa kushoto. Nilikuwa naupenda sana mkao huo. Ndio ulionifanya nikubali kuolewa naye.

Hapo nikausikia mluzi. Swii-swii-siriri. Nikageuka kuutazama mtungi, ndipo nikakumbuka mtungi uko kwenye karavani, na karavani iko chini kule, ndogo kama kibiriti. Mluzi ulikuwa hapa, miguuni petu karibu. Mwingine ukaitikia kushoto. Wa tatu ukatoka nyuma yangu.

Nilimtazama Tess. Uso wake wote ulikuwa umewaka, ameziba mdomo kwa kiganja, machozi yanamlenga. Akamgeukia Merv akingoja atoe neno.

Merv akafungua macho. Akavaa kofia.

"Kimya," akasema. "Mnausikia ukimya huu? Zamani usingeweza kusikia mawazo yako hapa juu. Wamekwisha. Pole, Tess. Umezaliwa umechelewa."

Na wakati anasema hivyo, wakubwa kwa wadogo, walikuwa wakiimba.

Tess alifungua mdomo, akanitazama, akaufunga. Mimi nilijifanya natoa mchanga kwenye kiatu. Merv akatangulia kuteremka, mabega yamelegea, nasi tukamfuata kama watu wanaotoka kuzika.

Jioni, kwenye viti, alimwambia Shirl. Aliongea vizuri, kama anayetoa hotuba ya kuaga. "Shirl, fungua lile geti. Umelitunza tuta miaka yote hii kwa heshima ya Colin, na Mungu akubariki. Lakini hakuna kitu mle. Majani mazuri vile yanaozea bure, na ng'ombe wako wamebanwa na maji."

Shirl akazungusha glasi yake. "Una hakika? Mimi hao ndege wako siwajui, nakutegemea wewe."

"Nimesimama pale juu. Masikio yangu hayajawahi kunidanganya."

"Basi. Nitafungua keshokutwa, njia ya ng'ombe ikikauka."

Sikusema kitu. Niandike tena ili nijione: sikusema kitu.

Wakati wa kuosha vyombo Tess alinifuata penye tangi la maji. "Lorna, ni umri," akasema polepole. "Sauti nyembamba ndizo zinazotangulia kupotea, nzito zinabaki. Mtu mwenyewe hatambui. Anadhani ni dunia iliyonyamaza."

"Na sauti za wanawake?"

Alinitazama kidogo. "Hizo nazo hupungua. Hasa mtu akiwa amempa mgongo."

Nilishikilia sufuria ile mpaka maji yakapoa.

Mei 18

Sijamwambia. Nimeamka nikiwa nimepanga maneno, naye amenitangulia kuamka, anafuta darubini zake na kuzipanga kwenye boksi lake. Anasema Tess atazipenda. Ameshaongea na mtu wa Port Augusta kuhusu karavani, kwa simu ya Shirl, na mtu huyo ataiangalia tukipita.

Naogopa kumvunja. Hii ndiyo kweli. Na kweli nyingine, mbaya zaidi: miaka yote hii nimemwekea kinyongo. Kila nilichosema kikaanguka sakafuni bila kuokotwa, nilikihesabu. Nilisema amenichoka. Nilijifunza kukaa na mwanaume aliyenichoka, nikajiona mvumilivu, nikanunua vitabu. Sasa sijui niweke wapi kinyongo hiki, maana mwenyewe hana kosa.

Shirl anafungua geti kesho baada ya chai.

Mei 19

Nilimwamsha kukiwa bado na ukungu, nikamwambia avae viatu.

"Kuna nini?"

"Vaa viatu, mzee."

Nikamvika shingoni darubini moja niliyoitoa kwenye boksi, tukapanda. Juu ya tuta nilimshika mkono, nikasimama mbele yake anione mdomo, nikasema kwa sauti ya chini, nzito, kama ninayeongea na mahakama. "Mtungi wa gesi hauvuji."

"Nilikwambia tangu mwanzo."

"Ule mluzi ni Panya. Wako hapa. Nimekuwa nikiwasikia kila alfajiri tangu tufike. Tess naye amewasikia. Wewe tu ndiye huwasikii."

Aliuchomoa mkono wake. "Lorna, wewe hujui kunguru wala kuku."

"Sijui. Lakini nasikia."

"Janine ndiye amekutuma? Hutaki kuuza karavani, sema hutaki, usinitungie hadithi juu ya kaburi la kaka yangu." Colin hakuzikwa hapa, amezikwa Kadina, lakini hasira haina ramani. "Miaka hamsini nasikiliza jangwa hili. Wewe ulikuwa unasoma riwaya."

"Kulia kwako," nikasema. "Lile shungi lililolala."

Alinyanyua darubini kwa mazoea tu, nadhani, maana mikono yake haijui kukataa. Hakuona kitu. Mluzi ukahama. "Sasa amekwenda kushoto," nikasema. "Nyuma ya ule mzizi." Akageuka. "Anakuja karibu. Karibu zaidi. Hapo."

Kindege kikapanda juu ya manyasi, mkia umesimama wima, kikatulia kwenye jua. Hata mimi nilikiona kwa macho matupu. Niliona mgongo wa Merv ukikakamaa.

"Ni yeye," akanong'ona. "Lorna, ni yeye. Tazama tumbo lile. Ni yeye."

Kisha akazungusha lenzi taratibu. Darubini haikutikisika.

"Amefungua mdomo," akasema.

Nikamsogelea.

"Koo lake linatikisika." Akateremsha darubini, akakitazama kwa macho, akaipandisha tena. "Anaimba?"

"Anaimba."

"Sasa hivi?"

"Sasa hivi, Merv. Kwa nguvu zake zote."

Alikitazama mpaka kikateremka na kukimbia. Halafu akakaa chini mchangani, mzee mzima, miguu mbele kama mtoto. Nikakaa naye. Alikuwa akilia bila kujificha, nami nikamwacha.

Baada ya muda akauliza, "Na wengine? Mle bondeni hakuna wengine? Nilisema hata wale ndege wadogo wa buluu wamekwisha."

"Kuna kelele bondeni. Sijui ni za nani."

"Niambie zinaendaje."

Nilimwimbia, kwa sauti nzito, vibaya sana. Kama kugongana kwa vijiko hivi. Kama mtu anayevuta zipu. Kila nilipomaliza alitaja jina, na kila jina lilikuwa la ndege ambaye alishamzika. Safari tatu nzima alikuwa akiomboleza nchi iliyokuwa inaimba. Alitaja, akataja, akacheka, akalia tena.

Ghafla akasimama. "Geti."

Sijamwona akiteremka tuta namna ile tangu aache kucheza mpira. Tulimkuta Shirl ameshaweka mkono kwenye mnyororo, ng'ombe wamejipanga nyuma yake, Tess kando yake amekunja mikono, uso umempauka. Yeye naye alikuwa anajiandaa kusema, nadhani. Merv hakumpa nafasi.

"Shirl, usifungue. Ndege wako wapo, wamejaa. Kilichokufa ni masikio yangu." Aliyasema mbele ya wote, kwa sauti, kofia mkononi. "Nimewaambia watu uongo miaka mingi, na sikujua kwamba ni uongo."

Shirl alimtazama, akautazama mnyororo, akaufunga tena. "Nchi nzima ina majani mwaka huu," akasema. "Ng'ombe hawafi kwa tuta moja." Akawageuza kwa mluzi ambao nadhani hata Merv aliusikia.

Mei 20

Amelala mchana kutwa. Tess kaleta supu.

Mei 23

Amepiga simu chama cha ndege. Nilikaa naye ofisini kwa Shirl. Hakuzunguka maneno. Akasema taarifa zake zote za safari tatu zilizopita wasizihesabu, na kwamba Tess Hollingworth atawapelekea zilizo sahihi. Halafu akatoka akaenda kupasua kuni ambazo hakuna aliyezihitaji.

Mei 27, njiani kusini

Barabara imefunguliwa. Tess amebaki. Mtu wa Port Augusta nimempigia mimi, nikamwambia karavani haiuzwi. Janine amemtafutia baba yake daktari wa masikio, na baba yake amesema atakwenda, ingawa Tess alimweleza wazi kwamba hakuna kifaa kitakachomrudishia Panya. Anasema hilo amelielewa.

Tulikuwa tumeshapita maji ya mwisho. Alikuwa akiendesha taratibu, dirisha limefungwa, jambo ambalo sijaliona maishani mwangu. Akasema bila kunitazama, "Lorna. Kama yeye nimemkosa miaka yote hii, na alikuwa pale pale akiimba, wewe nimekukosa mara ngapi?"

"Mara nyingi," nikasema.

Akageuka. "Eh?"

Nikamgusa bega. "Mara nyingi, Merv."

Aliendesha kidogo. Nzi mmoja alikuwa akitembea kwenye kioo, hakuna aliyemfukuza.

"Ulikuwa unasema nini?"

Nikafikiri. Mengine yalikuwa ya kipuuzi, ya chumvi na vikombe. Mengine ni heri hakuyasikia. Mengine niliyasema gizani, kwa mgongo wake, kwa miaka, nikingoja.

Nilimwambia aegeshe pembeni. Akazima injini, akavua kofia, akanigeukia uso wote, nami nikaanza.